Usiguse hiyo chown -R (komandi ya kubadilisha mwenye faili, folda nzima), tatizo lako liko kwenye maunti (namna folda inavyopandishwa ili isomwe) siyo kwenye diski

Mkuu simama hapo hapo, usibonyeze ENTER. Umesema kontena lako jipya (mfumo mdogo uliotengwa ndani ya seva) linaona faili zote za /data ni za nobody, kuna mtu kakupa skripti ya kuongeza 100000 kwenye namba ya mwenye faili, faili moja moja, na unataka kuipiga leo usiku watu wakiwa wamelala, alafu ukauliza uchague ext4 au Btrfs kama mfumo wa faili wa diski. Mimi naanza na skripti maana hiyo skripti naijua, niliipiga kwa mkono wangu, na kilichonipata sitaki kimpate mtu mwingine.

Elewa kwanza kwa nini unaona nobody. Kwenye diski hakuna jina la mtu, kuna namba tu. Kontena lako linakaa kwenye nemuspesi yake ya watumiaji, yaani lina hesabu yake ya namba tofauti na ya seva, na ukiwa ndani ukisoma /proc/self/uid_map utakuta mstari mmoja wenye namba tatu, 0 100000 65536. Yaani 0 ya ndani ni 100000 ya nje, 1 ni 100001, hivyo hivyo mpaka 65535 ambayo nje ni 165535. Sasa faili zako kwenye diski ni za namba 33. Hiyo 33 haimo kati ya 100000 na 165535, kwaiyo kerneli (kiini cha Linux) ikiulizwa na kontena "hii ya nani" haina jibu, inarudisha 65534, na huyo ndo nobody wako. Faili ni nzima kabisa, hakuna kilichoharibika. Kinachotakiwa kubadilika ni namna kontena linavyoziona, na huyo aliyekupa skripti anakutuma ukabadilishe faili zenyewe!

Mimi nilikuwa na kama tera moja na nusu, folda za watumiaji 40 hivi, folda za tovuti, za barua pepe, za database, kila moja na mwenyewe. Nikafuata maelekezo ya jamaa mmoja aliyeandika kwa kujiamini kabisa kwamba ni mistari mitatu tu na umemaliza. Hakusema chukua kumbukumbu ya namba kwanza, hakusema ikikatika katikati ufanyeje, hakusema kitu. Nikaipiga. Baada ya dakika kama arobaini muunganisho wa seva ukakatika na skripti ikafa nao. Nikarudi nikaona nusu imehama nusu bado, nikafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye haraka angefanya, nikaipiga tena tangu mwanzo.

Asubuhi nikapiga ls -ln, inayoonyesha namba za wenye faili, kwenye folda ya tovuti. Faili la kwanza namba 200033, la pili 200033, la tatu 100033, la nne 200033. Nililitazama hilo dirisha muda mrefu. Zile zilizokuwa zimeshahama zilihama mara ya pili, na 200033 iko nje kabisa ya 165535, kwaiyo ndani ya kontena zikarudi kuwa nobody vilevile. Mbaya zaidi kulikuwa na faili zenye majina mawili kwa hard link, ile skripti ilikuwa inapita kila jina, kwaiyo faili moja linaongezewa mara mbili kwa mzunguko mmoja. Zangu kadhaa zilifika 400033.

Hapo bado nilikuwa naweza kupona, nakwambia ukweli. Namba asili zote zilikuwa chini ya 65536, ningekaa chini nikatoa 100000 mpaka nifike, hesabu ya darasani tu. Lakini nilipaniki. Nikasoma tena kwa yule yule jamaa, akasema ukichanganyikiwa rudisha kila kitu kwa root (msimamizi mkuu, namba 0) uanze upya. Nikapiga chown -R 0:0 /data.

Hiyo ndo iliyoniua mkuu. Sekunde moja kabla yake namba zilikuwa zimevurugika ila habari ilikuwa bado imo ndani yake, baada yake hakuna habari tena, kila faili la kila mtu linasema 0. Na chown haibadilishi mwenye faili peke yake. Linux ikibadilisha mwenye programu inafuta biti ya setuid (inayofanya programu iendeshwe kwa nguvu za mwenyewe), hata anayepiga akiwa root, na zile nguvu maalum za faili zinazokaa kwenye security.capability nazo zinafutwa. Mizizi ya mifumo ya makontena mawili (folda zenye mfumo mzima wa kila kontena) ilikuwa humo humo /data, nikaingia kwenye moja nikajaribu sudo, ile ya kupiga komandi kama root, ikanijibu kwamba /usr/bin/sudo lazima iwe ya namba 0 na iwe na biti ya setuid. Ping ikagoma kwa mtumiaji wa kawaida. Wakati huo huo ACL (orodha za ruhusa za ziada za faili) hazikuguswa kabisa, maana namba za ndani ya ACL zimehifadhiwa pembeni na chown haizifikii, kwaiyo faili mwenyewe ni 0 ila ACL bado inamtaja 1014 aliyekuwa na ruhusa zamani.

Utasema si kuna bekapu. Ilikuwepo. Bekapu yangu ilikuwa rsync (programu ya kukopi faili) yenye --link-dest, ile ambayo faili lisilobadilika haliikopi, linaunganishwa tu na la jana. Ila "lisilobadilika" kwa rsync linahusu na mwenyewe pia kama umeiambia itunze wamiliki. Kwaiyo usiku ule iliona kila faili limebadilika, ikakopi tera nzima na nusu upya, diski ya bekapu ikajaa, na skripti yangu ya usafi ikafanya kazi niliyoipangia, ikafuta za zamani kupata nafasi. Mpaka nashtuka siku ya tatu, bekapu zilizobaki zote zilikuwa na namba 0. Data yote ipo, barua zipo, picha zipo, hakuna anayejua nini ni cha nani. Nilikaa siku nne nakisia kwa majina ya folda, nauliza watu mmoja mmoja hii ni yako? Kuna mtu alifungua folda akakuta nyaraka za mwenzake. Hilo mpaka leo linaniuma kuliko siku zote nne.

Na kilichonikera zaidi kuliko vyote, kerneli yangu ilikuwa 5.15. Dawa ilikuwa imo ndani tangu mwanzo. Maunti zenye ramani ya namba, kazi ya Christian Brauner, mmoja wa waandishi wa kerneli, ziliingia kwenye kerneli 5.12 mwaka 2021. Yaani jamaa aliandika maelekezo yake wakati kitu kipo tayari na hakukitaja hata kwa neno moja, na maelekezo yale bado yanasomwa, ona sasa yamekufikia na wewe.

Kwaiyo sheria yangu ni moja: namba zilizo kwenye diski haziguswi, inayobadilishwa ni maunti. Kama mount yako ni ya util-linux (kifurushi cha komandi za msingi za Linux) 2.39 kwenda juu, unapiga ukiwa root kwenye seva yenyewe:

mount --bind -o X-mount.idmap=b:0:100000:65536 /data /mnt/kontena

Hiyo b maana yake ramani ni ya watumiaji na ya makundi pia. Alafu unalipatia kontena /mnt/kontena badala ya /data. Pima kwa faili moja tu, ls -ln ya faili hilo hilo sehemu tatu. Kwenye /data usome 33. Kwenye /mnt/kontena usome 100033. Ndani ya kontena usome 33. Ukipata hivyo umemaliza, imechukua muda wa kuandika komandi, hata kama una faili milioni kumi, maana kerneli inatafsiri namba pale faili linapoguswa na haiandiki chochote kwenye diski. Ukichoka unapiga umount na /data iko kama ulivyoiacha.

Ramani ukishaiweka kwenye maunti haibadilishwi, ukikosea namba unashusha unapandisha upya. Na mchakato wenye namba ambayo haimo kwenye ramani ukijaribu kuunda faili pale utapata "Value too large for defined data type". Usihangaike na ukubwa wa faili kama nilivyohangaika mimi nusu siku, ni ramani haimtambui huyo mtumiaji.

Kuna hatari moja ambayo watu hawaisemi. Root wa ndani ya kontena akiandika faili kupitia maunti hiyo, kwenye diski linaandikwa kwa namba 0 ya kweli. Akiweka programu yenye setuid humo, mtumiaji wa kawaida wa seva anayeweza kufika /data moja kwa moja ataiendesha kama root wa seva. Kwaiyo /data usiiache wazi, ihamishie ndani ya folda nyingine ya root yenye chmod 700 (usiipige chmod hiyo kwenye / yenyewe) na kwenye komandi ya mount uandike njia hiyo mpya, au kama humo hamna mizizi ya makontena pandisha diski yake na nosuid, inayozuia setuid kufanya kazi. Ifanye kabla hujawasha kontena.

Hilo la ext4 na Btrfs, ext4 na XFS zilikubali ramani hizi tangu 5.12 yenyewe, Btrfs ikaja 5.15. Tizama kwanza uname -r inasema kerneli yako ni toleo gani.

Na leo usiku badala ya ile skripti, ingia /data upige getfacl -Rn . > /root/wamiliki.txt kisha getcap -r . > /root/nguvu.txt. Faili la kwanza linabeba mwenyewe, kundi, ACL na zile biti za setuid za kila kitu, na setfacl --restore inaweza kuvirudisha vyote. Mimi nisingekaa siku nne nakisia kama ningekuwa nalo. Ukimaliza weka hapa hizo ls -ln tatu na mstari wa uid_map, nitaziangalia hata kama ni usiku.