Shokapu ya mbele: mm 100 au 140?

Ndugu, umeuliza kama hiyo shokapu ya mm 140 (yaani umbali inaobonyea) unayouziwa kwa bei poa itafaa baiskeli yako ya kurukia matuta. Mimi ningeiacha. Fremu nyingi za aina hiyo zimeundwa kwa mm 100. Ukifunga ndefu, mbele kunainuka, usukani unachelewa kuitika, na ukikandamiza ili uruke, nguvu zako zinamezwa pale pale.

Shokapu ya Pike DJ au Bomber DJ ya mm 100 inatosha kabisa. Ila angalia habu (kitovu cha gurudumu) kwanza: Pike inataka ekseli ya mm 15, Bomber mm 20. Upepo wa shokapu ujaze mwingi kuliko wa baiskeli ya njia za milimani. Ikiwa ni mtumba, pangusa mabomba ya juu ya shokapu upitishe ukucha. Ukinasa kwenye mkwaruzo, mrudishie mwenyewe.