Pasi ya Eurail haimalizi nauli

Je, pasi ya Eurail, yaani tiketi moja ya kupanda treni katika nchi nyingi za Ulaya, inatosha kuzungukia bara hilo? Hapana, peke yake haitoshi. Treni za kasi za Ufaransa, Italia na Hispania zinadai ulipie kiti kando, mara nyingi euro 10 hadi 20 kila safari, na treni ya Eurostar ya kwenda London inazidi hapo. Ujerumani, Austria na Uswisi treni nyingi unapanda tu. Nilizunguka wiki tatu, na kilichonitoboa mfuko ni vitanda vya hosteli mwezi wa saba: usiku mmoja Amsterdam ulikula hela ya siku mbili za Budapest! Mimi ningetenga euro 70 hadi 100 kwa siku, nje ya pasi. Ila ukiwa mkazi wa Ulaya, hata kwa pasipoti ya Kenya, pasi yako ni Interrail, si Eurail.