Panga anwani ya ukurasa kabla hujachapisha

Kuweka neno kuu, yaani lile ambalo watu hulitafuta, ndani ya anwani ya ukurasa hakukupandishi sana kwenye matokeo ya utafutaji. Faida ipo, lakini ni ndogo mno. Kinachoangusha tovuti ni ukurasa mmoja kuwa na anwani nne, au anwani kubadilishwa bila ya zamani kuelekezwa popote. Nguvu zako zipeleke huko.

Umbo lenyewe halina mambo mengi. Anwani kama /index.php?id=482&kat=7 haimwambii mtu chochote, ila /simu/kubadili-betri inajieleza hata kabla hajaibonyeza. Maneno matatu hadi matano yanatosha. Yatenganishe kwa kistari cha kawaida, si kile cha chini. Google inashauri hivyo. Usiache nafasi tupu, maana inageuka kuwa %20. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu, ritifaa. Ukinakili neno “king’amuzi” kutoka programu ya kuandikia, ile alama iliyopinda inaweza kuingia kwenye anwani kama %E2%80%99, katikati kabisa ya neno. Andika kingamuzi, inatosha.

Mwaka usiuweke kwenye anwani ya makala utakayoihuisha. Ukiandika /simu-bora-2024, mwaka unaofuata utalazimika ama kuibadilisha ama kuiacha idanganye. Mwaka uwe kwenye kichwa cha habari, ambacho unaweza kukihariri wakati wowote. Kwa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, nenda kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu uchague jina la chapisho, kisha ufupishe anwani kabla ya kuchapisha, kwa sababu programu huchukua maneno yote ya kichwa.

Sasa tuje kwenye marudio, ambako ndiko watu wengi wanapoteza. Baada ya jina la tovuti, Google hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo /Simu na /simu ni anwani mbili. Mkwaju wa mwisho nao unatofautisha: /simu na /simu/ ni mbili tena. Ongeza http na https, ongeza www, na ukurasa mmoja unajikuta na sura kumi na sita, huku viungo vinavyotoka tovuti nyingine vikigawanyika kati yake. Chagua sura moja, nyingine zote zielekeze hapo kwa msimbo wa 301, yaani jibu la seva kwamba ukurasa umehamia kabisa. Zile zenye alama ya kuuliza, kama ?utm_source inayoonyesha msomaji ametokea wapi, ziache zifunguke, ila ndani ya ukurasa weka lebo ya rel="canonical" inayotaja anwani kuu. Kosa linalojirudia ni kuzifungia anwani hizo kwenye robots.txt, faili inayoiambia roboti ya Google isiingie wapi, wakati huohuo. Roboti ikizuiwa kuingia haiwezi kuisoma lebo, na kazi yote inakuwa bure.

Ikiwa anwani ya sasa inafanya kazi na ina wasomaji, iache hata kama haipendezi. Ukilazimika kuibadilisha, elekeza kila ukurasa wa zamani kwenye mwenzake mpya, mmoja kwa mmoja. Kuzirundika zote kwenye ukurasa wa mwanzo hakusaidii, kwani Google huzichukulia kama kurasa zisizopatikana. Uelekezaji huo udumu angalau mwaka 1. Kisha rekebisha menyu, viungo vya ndani na ramani ya tovuti vitaje anwani mpya moja kwa moja.

Kukagua ni kazi ya dakika moja. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri kwenye kompyuta, andika curl -IL ikifuatiwa na anwani ya zamani. Unatakiwa kuona 301 moja, kisha 200, yaani ukurasa umepatikana. Ukiona 302, seva inasema uhamisho ni wa muda, na anwani ya zamani inaweza kuendelea kuonekana kwenye matokeo. Ukiona 301 tatu zinafuatana, ya kwanza ielekeze moja kwa moja kwenye kituo cha mwisho.