Ndoo ya siku tatu ilinidanganya: tilapia wangu hawakufa, walikataa tu kukua

Mleta uzi, weka hiyo pampu chini kwanza. Umeandika unataka kufuga samaki kwa maji ya mto, una robo eka Njiru, Nairobi, mto uko hapo chini, maji ni ya bure, na kwamba ulitia tilapia watano kwenye ndoo ya maji ya mto wakakaa siku tatu bila kufa, kwa hiyo maji "yako sawa". Kisha ukauliza mambo ya vifaranga, chakula na ukubwa wa bwawa. Mimi nilipofika kwenye ndoo chai ikanipalia.

Ndoo hiyo nami niliijaza, mwaka 2019. Wangu walikuwa sita, tena nikawapiga picha, kisha nikajaza bwawa maji ya mto.

Aliyenifundisha ni jamaa aliyeniuzia karatasi ya kutandika bwawa na vifaranga 1,000. Viatu vinang'aa, shambani hakukanyaga tope hata siku moja. "Boss, samaki hadanganyi. Maji mabaya yatamuua." Uongo mtupu. Sumu nyingi humuua, ndiyo. Sumu kidogo kila siku humwacha hai akila chakula chako.

Chukulia chakula ni mshahara wa samaki. Kwanza analipa kodi ya nyumba: kupumua, moyo kupiga, kurudisha chumvi inayomtoroka mwilini, maana anaishi kwenye maji yasiyo na chumvi. Kinachobaki ndicho cha kukua, na cha mwisho ni cha mayai. Sasa shaba inayotoka kwenye karakana za juu ya mto inaharibu matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia, na kuvuruga ile kazi ya kuvuta chumvi. Inabidi afanye kazi zaidi kupata kile kile. Ini nalo linatengeneza protini za kufunga metali na vimeng'enya vya kuvunja dawa za kunyunyizia sukuma wiki. Hayo yote yanakatwa kabla mshahara haujagusa mfuko, kama ule mkopo wa simu unaoujua. Anabaki na nauli.

Walipofikisha miezi mitatu bwawani nikaona wangu hawakui. Asubuhi walikuwa juu, vifuniko vya matamvua vinapiga haraka haraka, na chakula wanakiendea kama watu walioitwa kwenye mkutano wa chifu. Nikampigia yule muuzaji, "mtaalamu" wangu. Hapo ndipo nilipofanya kosa lililonimaliza. Ndoo ilikuwa utoto tu. Akasema, "Ongeza chakula." Nikaongeza. Miezi miwili nikamwaga karibu mara mbili. Kisicholiwa kikaoza chini, amonia ikapanda, na maji yakiwa ya kijani chini ya jua la mchana amonia huzidi kuwa kali. Yaani nilikuwa nanunua sumu ya pili kwa pesa zangu, gunia la kilo 20 kwa shilingi 2,800. Jumla magunia 11, kilo 220! Kwa maji safi chakula hicho kingenipa samaki wa kilo 140 hivi. Miezi sita ilipotimia nilivua kilo 66, wastani wa gramu 75, kichwa kikubwa mgongo kisu. Nilikuwa nimeahidiwa gramu 300.

Nikapeleka beseni moja soko la Gikomba. Mama samaki akainua mmoja kwa mkia, akamgeuza, akaniangalia mimi. "Kijana, hii si tilapia. Hii ni omena iliyonenepa." Omena, wale dagaa! Jirani zake walicheka hadi nikacheka nao, ningefanya nini?

Mtaalamu akaja na hadithi mpya: wamedumaa kwa sababu wanazaana sana. Sasa hii ingeweza kuwa kweli, tilapia mchanganyiko wa kike na kiume huanza kuzaa wakiwa na miezi michache na kujaza bwawa watoto. Lakini watoto wako wapi? Sikuona jike hata mmoja aliyebeba mayai mdomoni. Nikapasua majike manane kwenye sinki, mke wangu akiwa amesimama mlangoni amekunja mikono. Mayai hakuna, ila viuzi viwili vyembamba vya rangi ya njano hafifu. Kiini cha yai la samaki hutengenezwa kwenye ini, na ini la hawa lilikuwa na kazi nyingine.

Na mto unaopokea majitaka una jambo jingine, homoni. Kanada, kuanzia 2001, wanasayansi walitia homoni ya vidonge vya kupanga uzazi kwenye ziwa dogo kwa miaka mitatu, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Madume wakaanza kutengeneza protini ya kiini cha yai, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kuisha kabisa ziwani. Ndoo yako ingeliona hilo?

Mwishowe nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Samaki 20 kwenye tangi la maji ya mvua, 20 nikawazungushia wavu bwawani, chakula kimoja, mizani ya jikoni. Baada ya wiki sita wa tangi walitoka gramu 61 hadi 118. Wa bwawani, 61 hadi 70. Hakufa hata mmoja pande zote mbili! Ndipo nikapeleka maji maabara, karatasi ikarudi na shaba, zinki na amonia juu ya kiwango cha samaki. Waliobaki niliwazika. Sikumpa hata paka.

Kwa hiyo usihesabu waliokufa. Pima gramu. Wiki sita, maji yako dhidi ya maji unayoyaamini, kabla ya kununua hata kifaranga kimoja. Na uchote siku tofauti, si Jumapili tu karakana zikiwa zimefungwa.

Ukubwa wa bwawa... uliuliza ukubwa, sivyo? Na chakula cha nani sijui. Tutafika huko. Mimi niko mtaa wa Utawala, lile tangi la lita elfu moja limelala tupu nyuma ya nyumba, na mizani mke wangu hataki tena kuiona jikoni kwake. Njoo na mkokoteni Jumamosi.