Mfupa wa maabara unadai damu kwanza

Shikamoo dokta. Nasikia siku hizi mifupa inaoteshwa maabara. Mbona hospitalini hatuioni?

Marahaba. Kuotesha seli za mfupa si kazi kubwa, kazi ni kuzilisha. Seli iliyo mbali na mshipa wa damu kwa zaidi ya milimita 0.2 hivi, oksijeni haiifikii. Kipande chembamba kitaishi. Cha ukubwa wa taya hufa katikati, huku juu kikionekana kizima.

Kikishapachikwa, mishipa ya mgonjwa si itaingia yenyewe?

Huingia, ila polepole, chini ya milimita moja kwa siku, na seli za ndani hazina subira hiyo. Ndiyo maana kiunzi, yaani fremu inayopandwa seli, hutengenezwa na vitundu vinavyopitiana, vya milimita 0.3 au zaidi, mishipa ipate njia. Wengine hupanda humo seli za kuta za mishipa, nyingi zikitoka kwenye kamba ya kitovu cha mtoto mchanga, pamoja na seli shina za uboho, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za mfupa. Zikikaa pamoja hujipanga zikawa vimirija.

Hakuna dawa ya kuotesha mishipa?

Ipo protini iitwayo VEGF, inayochochea mishipa kuota. Ila ikimwagwa nyingi kwa mkupuo, mishipa huota ovyo na kuvuja.

Yupo mtu aliyewahi kupata mfupa wa namna hii?

Yupo. Mwaka 2004 daktari wa upasuaji Patrick Warnke na wenzake wa Kiel, Ujerumani, walieleza habari za mwanamume aliyepoteza sehemu ya taya ya chini kwa saratani. Walisuka kikapu cha metali ya titani chenye umbo la taya, wakakijaza vipande vya madini ya mfupa, protini ya BMP-7 inayochochea mfupa kuota, na uboho wake mwenyewe, kisha wakakizika kwenye msuli wa mgongo wake. Wiki 7 baadaye kikatolewa pamoja na mshipa uliokilisha, ukaungwa na mishipa ya shingoni. Akatafuna mkate na soseji, baada ya miaka 9 bila chakula kigumu. Kwangu hiyo ndiyo akili: mishipa waliuachia mwili uoteshe. Ila usiisubiri tiba hii. Kwa kawaida taya hujengwa upya kwa mfupa mwembamba wa mguuni, ukikatwa pamoja na mshipa wake.

Nimevunjika muundi na navuta sigara. Kuna neno?

Liko. Acha leo. Nikotini hubana mishipa midogo, na mfupa wako unaunga kwa damu hiyo hiyo.