Jumuiya ya ujifunzaji imebaki kusaini mahudhurio: tufanyeje?

Swali: Mimi ni mwalimu wa taaluma, shule ya msingi, wilayani Rungwe. Tukikaa kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), yaani kikao cha walimu kujifunza pamoja, mmoja anasoma moduli, wengine tunasikiliza, tunasaini, tunaondoka. Darasani habadiliki mtu. Tufanyeje?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, moduli iacheni kwanza mezani. Anzeni na madaftari ya watoto.

Kikao kijacho, mwalimu wa Hisabati Darasa la Tano aje na madaftari kumi ambayo hajasahihisha. Yapangeni kwa aina ya makosa. Tuseme manne yana 1/2 + 1/3 = 2/5. Hao watoto hawakubahatisha: wamejumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili, kama walivyozoea kwenye namba nzima. Wana kanuni yao, na mkwaju wa kalamu nyekundu hauing'oi. Sasa jiulizeni ni swali gani litamfanya mtoto aione kasoro mwenyewe. Mimi ningemuuliza hivi: una nusu debe ya viazi, nikikuongezea theluthi ya debe, itakuwaje ubaki na pungufu ya nusu debe? Maana 2/5 ni ndogo kuliko nusu. Mtoto wa Rungwe viazi anavijua. Atashtuka, na hapo yuko tayari kusikia habari za asili moja na jibu la 5/6. Moduli ifungueni wakati huo, mkiwa na jambo mnalolitafuta ndani yake.

Kisha andaeni kipindi kimoja pamoja. Mmoja afundishe, wawili wakae karibu na wanafunzi na kuandika watoto wanasema nini, wanakwama wapi. Walimu wa Japani wana utaratibu wa namna hii kwa zaidi ya karne moja. Nakusihi sana hapa: waangalizi wawatazame watoto, wasimkague mwalimu. Mwombe mwalimu mkuu asije na fomu siku hiyo. Mwalimu akihisi anapimwa, atafundisha kipindi cha maonyesho, nanyi hamtajifunza kitu.

Kama somo lina mwalimu mmoja tu, unganeni na shule jirani. Masika barabara ikiharibika, tumianeni picha za madaftari kwa WhatsApp, majina yakiwa yamefunikwa.

Na kwenye karatasi ya mahudhurio ongezeni safu moja: kila mtu aandike atakachojaribu darasani kabla ya kikao kijacho. Kikao hicho kianze kwa kuisoma safu hiyo.