Jibu: Binti na vitabu vya mashujaa wa katuni
Mama mwenzangu wa Tororo, umeuliza kama umnyang'anye binti yako wa miaka 11 vitabu vya katuni, kwa sababu wanawake waliomo huchorwa nusu uchi. Mimi nisingemnyang'anya, ningeketi naye tukavisoma pamoja. Wangu, hapa Jinja, nilimwonyesha Storm, shujaa wa kike wa katuni za X-Men, aliyeanza kuchapishwa mwaka 1975 na ambaye mama yake katika hadithi ni Mkenya, kisha nikamuuliza kwa nini mwanamke anayeamuru radi na mvua avalishwe vazi lisilofaa hata kuogelea Ziwa Nalubaale (Victoria). Alicheka, halafu akaanza mwenyewe kuhesabu ni kurasa ngapi mwanamke anasema neno la maana na ni ngapi anaokolewa tu. Wonder Woman naye, shujaa mwingine wa kike, aliyebuniwa mwaka 1941, aliwekwa mwaka 1972 kwenye jalada la Ms., jarida la watetezi wa haki za wanawake huko Marekani, ingawa, kusema kweli, nguo zake pia ni chache. Usimsahau mwanao wa kiume. Wangu alizikataa hadithi za Shuri, dada wa shujaa wa katuni Black Panther, akidai ni za wasichana, mpaka aliposikia kwamba mwaka 2009 dada huyo ndiye aliyerithi vazi la kaka yake.